Hofu Mbele ya Daktari wa Meno

Ni machache maumivu yanayomnyima mtu utulivu kama maumivu ya jino. Mwenye homa husinzia, na mwenye jeraha hupata namna ya kulala. Lakini mwenye jino bovu hukesha akisikiliza majogoo, ameshika shavu, hataki kusema wala kusemeshwa. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo, ambaye usiku aliapa kwenda kwa daktari alfajiri, kukipambazuka na maumivu yakipungua kidogo, huahirisha safari. Husema, "Nitakwenda kesho." Lakini kesho nayo ina kesho yake, na ubovu haumngoji mtu. Katika insha hii, msomaji, nataka tuchunguze swali moja: Je, kuogopa ni aibu? Na kama si aibu, mwenye hofu ana wajibu gani juu ya hofu yake?

Kwanza tuitendee hofu haki. Wengi huilaani kana kwamba ni kosa, nayo si kosa. Hofu ni bawabu wa nafsi. Ndiyo inayomrudisha mtoto nyuma afikapo ukingoni mwa kisima, na ndiyo inayomfanya mchungaji apige nyasi ndefu kwa fimbo kabla ya kuzikanyaga. Wahenga waliijua kazi hiyo waliposema, "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio." Lakini kazi ya bawabu ni kumwamsha mwenye nyumba na kumwarifu kuwa pana jambo mlangoni. Si kazi yake kumfungia mwenye nyumba ndani wakati nyumba inawaka moto. Basi aibu haimo katika kuisikia sauti ya bawabu. Imo katika kumpa bawabu funguo zote na kukubali kutawaliwa naye.

Hofu ya daktari wa meno ina sababu zake, wala si haki kuicheka. Kinywa ni mahali pa siri. Ndipo sauti yetu itokapo na ndipo chakula chetu kiingiapo. Mgonjwa hulazwa chali, hufumbuliwa kinywa asiweze kusema, na mkono wa mtu asiyemjua huingia ndani ukiwa umeshika chombo ambacho yeye mwenyewe hakioni. Husikia mlio wa keekee ya daktari karibu na sikio lake. Pengine alipokuwa mdogo alishikwa kwa nguvu akang'olewa jino, na kumbukumbu ya siku ile haijamtoka. Mtu wa namna hiyo hana upungufu wa akili. Hata hivyo sharti ajiulize swali ambalo kila mwenye akili hulikabili: kati ya mambo mawili niyaogopayo, lipi lenye madhara makubwa zaidi?

Ili tujibu, natutazame jinsi jino linavyooza. Katika kinywa cha kila mtu wamo vijidudu visivyoonekana kwa macho. Tulapo sukari na vyakula vya namna yake, vijidudu hivyo hula nasi, kisha hutoa tindikali. Tindikali hiyo hulilainisha gamba la nje la jino, gamba ambalo ni gumu kuliko kitu chochote kingine katika mwili wa binadamu, gumu hata kuliko mfupa. Gamba hilo halina uhai wa kusikia maumivu. Kwa hiyo tundu huanza bila ya mwenyewe kujua. Tundu likipita gamba na kufika sehemu laini iliyo chini yake, mtu huanza kushtuka anywapo maji ya baridi au chai tamu. Likifika kwenye kiini, palipo na mishipa ya damu na ya fahamu, ndipo usiku wa kukesha uanzapo. Mtoto ana meno 20 ya utotoni, nayo yaking'oka huota mengine. Mtu mzima ana meno 32 yakitimia, na hayo hayana badala. Wahenga walisema kweli kwamba jino la pembe si dawa ya pengo.

Sasa angalia jambo ambalo huwapoteza wengi. Huenda siku moja maumivu yale makali yakakoma yenyewe. Mgonjwa hushukuru, akadhani amepona na kwamba alifanya vyema kungoja. Kumbe aghalabu kilichotokea ni kwamba kiini cha jino kimekufa, na mishipa iliyokuwa ikipiga kelele imenyamaza kwa kuwa haipo tena. Vijidudu vyaendelea kushuka hadi ncha ya mzizi, usaha hujikusanya, na shavu huvimba. Uvimbe ukishuka chini ya taya na shingoni, waweza kumzuia mtu kumeza, hata kupumua; na hapo si suala la jino tena bali la roho. Mtu mwenye uvimbe wa namna hiyo, au mwenye homa pamoja na uvimbe, asingoje siku ya pili. Na aende hospitali saa ile ile. Vivyo hivyo karafuu ambayo wengi huibana katika jino bovu hupunguza maumivu kwa muda, lakini haizibi tundu. Kutulia kwa maumivu ni jambo moja, na kupona ni jambo jingine.

Ilikuwako zamani ambapo hofu hii ilikuwa na haki kamili. Inasimuliwa kwamba mwaka wa 1578 Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza aliumwa na jino mchana na usiku, lakini aliogopa kung'olewa. Mwanamke aliyetawala taifa zima hakuweza kukitawala kinywa chake. Ndipo John Aylmer, Askofu wa London, mzee ambaye meno yake yalikwisha kuwa machache, alipomwambia daktari amng'oe yeye jino moja mbele ya Malkia, ili aone kwamba jambo hilo lavumilika. Malkia akapata moyo, akang'olewa lake. Katika siku hizo hapakuwa na dawa ya ganzi. Aliyeogopa koleo aliogopa kitu cha kweli.

Lakini dunia haikukaa pale pale. Mwezi wa Desemba mwaka wa 1844, katika mji wa Hartford huko Marekani, daktari wa meno aitwaye Horace Wells alivuta hewa iliyojulikana kwa kuwachekesha watu, kisha akamwambia mwenziwe amng'oe jino. Alijaribu katika kinywa chake mwenyewe kwanza kabla ya kujaribu katika vinywa vya wengine. Miaka karibu mia ilipopita, mwaka wa 1943, mwanakemia Nils Löfgren wa Sweden alitengeneza lidokaini, dawa ambayo hata leo hutumika ulimwenguni kote kutia ganzi sehemu ndogo ya mwili huku mgonjwa yu macho. Kwa hiyo yule mtu wa leo anayetetemeka mlangoni mwa daktari, mara nyingi anaogopa koleo la mwaka wa 1578. Hofu imerithiwa, lakini sababu yake kubwa imekwisha kuondoka.

Huenda ukanijibu, msomaji, kwamba kuvumilia maumivu ni ushujaa, na kwamba katika jamii zetu nyingi kijana hufunzwa kusimama jandoni bila kupepesa jicho. Ni kweli, na sidharau mafunzo hayo. Lakini kijana yule havumilii maumivu kwa ajili ya maumivu yenyewe. Huvumilia ili avuke kutoka hali moja kwenda hali nyingine. Uvumilivu wake una mwisho na una maana. Yule anayevumilia jino bovu miezi sita havuki kwenda popote. Kila siku anateseka, na kila siku anapoteza. Anaukimbia uchungu wa nusu saa kwa kuununua uchungu wa nusu mwaka, kisha anauita ununuzi huo ujasiri. Mwanafalsafa Aristotle wa Wayunani alifundisha kwamba ushujaa hukaa kati ya woga na ujuba: shujaa huyaogopa yapasayo kuogopwa, kwa kiasi kipasacho, na hutenda yaliyo mema hata hivyo. Kwa kipimo hicho, msichana aingiaye kwa daktari magoti yakimtetemeka ni shujaa kuliko mwanamume anayejisifu kuwa haogopi kitu na haonekani hospitalini kamwe.

Sisi walimu huyaona matokeo ya jambo hili darasani. Mwanafunzi hodari hulaza kichwa juu ya dawati. Ukimuuliza hesabu hajibu, ukimkemea hukutazama kwa macho mekundu. Wenzake hudhani ni mvivu. Baadaye hujulikana kwamba hajalala siku tatu, naye hakusema kwa kuwa alijua atapelekwa wapi. Je, lawama yote ni yake? Sidhani. Mara ngapi tumemsikia mzazi akimtisha mtoto mtukutu, "Nyamaza, ama daktari atakudunga sindano"? Mtoto hunyamaza siku ile, lakini mbegu imepandwa. Na mara ngapi vijana wamemcheka mwenzao aliyelia? Anayemcheka mwoga humfundisha kuficha ugonjwa, na mficha maradhi, kilio humfichua.

Basi mtu afanye nini na hofu yake? Kwanza aiseme. Amwambie daktari waziwazi, "Mimi naogopa." Daktari mwema hatamdharau, atamweleza kila jambo kabla ya kulitenda, na watapatana ishara, kama vile kuinua mkono, ili mgonjwa atakapo kupumzika kazi isimame. Hapo yule aliyejiona hana sauti amerudishiwa sauti yake. Pili, aende na mtu anayemwamini. Tatu, aende mapema, wakati jino haliumi, ili safari yake ya kwanza iwe ya kutazamwa tu. Tundu dogo huzibwa kwa muda mfupi. Tundu kubwa hudai kusafishwa mizizi au kung'olewa jino. Usipoziba ufa utajenga ukuta: methali hii yaweza kuandikwa juu ya mlango wa kila daktari wa meno.

Wala sisahau kwamba wako wanaozuiwa na upungufu wa fedha na umbali wa hospitali, si na hofu. Katika taarifa yake ya mwaka wa 2022, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao bilioni 3.5 wana magonjwa ya kinywa, na watatu katika kila wanne kati yao hukaa katika nchi zenye kipato cha kati. Mtu aliyekosa nauli hastahili kuhubiriwa ushujaa, astahili kusaidiwa. Lakini kwa sababu hiyo hiyo, yule aliye na njia na akakataa kuifuata ana la kujibu. Na wote wawili, tajiri na maskini, waweza kusafisha meno asubuhi na usiku, kupunguza sukari, na kupunguza hivyo siku za kuogopa.

Mwili tulionao tumekabidhiwa mara moja tu. Kuutunza ni deni tunalodaiwa na nafsi zetu na na wale wanaotutegemea. Kwa hiyo, msomaji, kama linalo jino ambalo ulimi wako hulitafuta mara kwa mara ukiwa peke yako, usingoje hofu iishe ndipo uende, kwa maana huenda isiishe. Nenda nayo. Iketi pamoja nawe katika benchi la kungojea, na jina lako litakapoitwa, simama wewe uingie.