Kufunga Gati kwa Tanga

Clintonville haina bandari. Ni mtaa wa kaskazini mwa jiji la Columbus, Ohio, uliotandaa pande mbili za barabara ya High Street, na maji yaliyo karibu nao ni ya mto Olentangy, ambao hauna kina cha kubeba chombo cha tanga. Mkazi wa mtaa huo atakaye kutweka tanga huendesha gari hadi Hoover, bwawa lililojengwa katika miaka ya 1950 ili jiji lipate maji ya kunywa, ambako mashine za boti zimewekewa kikomo cha nguvu za farasi 10. Jioni za kiangazi, vyombo vinaporejea, kila nahodha hukabiliwa na uamuzi uleule. Awashe mashine yake ndogo, atue tanga na kusogea gatini taratibu, au aingie kwa upepo uleule uliomtoa?

Wengi huliona hili kuwa suala la ustadi tu, au la mchezo. Lakini Columbus ni miongoni mwa miji ya Marekani yenye Wasomali wengi, na kati yao wamo watu wenye asili ya Barawa, ambako lahaja ya Kiswahili ilinenwa kwa karne nyingi pembezoni mwa bahari. Kwa mzee wa mwambao, kufunga gati kwa tanga hakukuwa uamuzi hata kidogo. Alan Villiers, baharia wa Australia aliyesafiri katika jahazi la Kikuwaiti hadi Unguja na Rufiji mwaka 1938 na 1939, alikuwa chomboni ambamo hapakuwa na mashine ya kuwashwa wala ya kuachwa. Jambo lisilo na mbadala halimpi mtu sifa ya kulichagua. Ni pale mashine ilipofungwa nyuma ya chombo ndipo tanga lilipogeuka kuwa suala la maadili.

Ili kuelewa kilichobadilika, sharti kutazama kazi yenyewe. Mbele ya mji wa Lamu, mkondo hupita kati ya kisiwa hicho na Manda, na maji hupwa na kujaa kwa nguvu, hasa wakati wa bamvua. Nahodha wa mashua ajaye na kusi haelekezi omo kwenye gati moja kwa moja. Hupima kwanza kama maji yanakwenda na upepo au yanapingana nao. Hukumbuka alichopakia, kwa kuwa mashua iliyojaa mchanga au mawe huendelea kuteleza muda mrefu baada ya foromali kutuliwa, ilhali tupu husimama mara moja na kuanza kusukumwa kando. Kisha, angali mbali, huamuru tanga litue. Kuanzia hapo chombo hakina tena nguvu yake kikiacha mwendo uliobaki. Baharia mmoja husimama omoni na pondo, mwingine hushika kamba, na nahodha hushika usukani akijua kwamba hawezi kuongeza mwendo wala kuupunguza.

Mashine hubadili mpangilio wa wakati. Mwenye mashine akikosea hurudisha nyuma rafadha na chombo husimama. Aweza kuamua akiwa amebakiwa na hatua tatu. Mwenye tanga ameshaamua akiwa na hatua mia. Huyu wa pili hutubu kabla ya kosa, kwa maana ya kwamba hana budi kuliwazia kosa lake mapema na kuliachia nafasi: akija kasi kupita kiasi atapinda wapi, upepo ukikatika atashika nini. Si haki kusema kwamba wa kwanza hana ustadi. Rafadha ikizungushwa kinyume huvuta tezi upande mmoja, na asiyelijua hilo atajikuta amelala kukingama gati mbele ya watu. Hata hivyo, ustadi wake waweza kukaa miaka bila kudaiwa fikra ile ya mbali, na fikra isiyodaiwa hudhoofu.

Hapa ndipo watetezi wa tanga husimamia, na hoja yao ina nguvu kuliko wao wenyewe wanavyoieleza. Hupenda kusema kwamba mashine yaweza kufa wakati wowote. Kwa kweli mashine ina nyakati zake za kufa. Takataka zilizotulia chini ya tangi la mafuta hukorogwa na mawimbi, zikaziba chujio. Kamba iliyoachwa ining'inie majini hunaswa na rafadha wakati watu wana haraka. Kwa hiyo mashine iliyotii siku mia za shwari ina kila sababu ya kuasi siku ya mia na moja, yenye dhoruba. Aliyekuwa akiingia kwa mashine kila siku atatakiwa kuingia kwa tanga kwa mara ya kwanza katika hali mbaya kuliko zote, na pengine akiwa amebeba watoto wa watu.

Hoja hiyo yaelekea kumaliza mjadala, lakini haimalizi, kwa sababu gati halimilikiwi na anayejifunza. Pembeni yake vimefungwa vyombo vya wengine. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972 hukipa chombo cha tanga haki ya kupishwa, kwa kawaida, na chombo cha mashine. Na pindi nahodha awashapo mashine ili imsukume, chombo chake huhesabiwa kuwa cha mashine hata tanga likiwa bado limetwekwa. Haki hiyo huhama kwa kuzungusha ufunguo. Lakini kanuni hizohizo humkataza mwenye tanga kukizuia, ndani ya mlango mwembamba, chombo kisichoweza kupita salama mahali pengine. Mwenye upepo hupewa heshima kwa sababu hawezi kusimama apendapo. Hapewi ruhusa ya kuyafanya maji finyu kuwa uwanja wake.

Nani basi hulipa kosa la mwanafunzi? Hapo tofauti kati ya Lamu na Hoover, au kati ya Lamu na bandari za starehe za Buffalo ambako pepo za ziwa Erie huvuma bila kizuizi, ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Katika ufuo wa Lamu mashua za mbao hulala ubavu kwa ubavu. Ajaye kwa kasi hupokewa na mikono: mmoja husukuma omo, mwingine hudaka kamba, wa tatu hutukana. Matusi hayo ni sehemu ya mafunzo. Anayegongwa leo aligonga jana, na jeraha la ubao hujazwa pamba na mafuta na fundi ambaye wote wanamjua. Kosa husambazwa katika jamii nzima kwa makubaliano ambayo hayakuandikwa popote.

Katika gati la Marekani, chombo cha jirani ni cha faiba, mwenyewe yuko nyumbani maili nyingi mbali, na mkwaruzo hupitia kwa kampuni ya bima. Hakuna aliyekubali kuwa mwalimu. Anayeingia kwa tanga hapo ili ajinoe huwatoza ada ya masomo yake watu wasiojua kwamba wanalipa. Lin na Larry Pardey, waliozunguka dunia katika vyombo visivyo na mashine, walikuwa na jibu ambalo wengi wa wanaowaiga hawana: hapakuwa na mashine ya kuacha kuwashwa. Mwenye mashine anayeizima mbele ya gati lililojaa ana la kujieleza zaidi yao, si pungufu.

Hilo halimwondolei wajibu wa kujifunza; lamwonyesha tu pa kujifunzia. Bwawa ni pana. Boya lililotupwa katikati ya maji matupu huwa gati kamili, lisilo na jirani. Laweza kufikiwa mara ishirini kwa jioni moja, upepo ukiwa wa kila aina, hasa upepo wa Ohio ambao hukatwa na miti ya kingo na kurudi ghafla kutoka upande usiotazamiwa. Tatizo la boya ni kwamba halina watazamaji. Na huenda sababu ya wengi kulipendelea gati ni hiyo, ingawa wataitaja nyingine. Ustadi wa nahodha haupimwi kwa jinsi anavyogusa gati, maana hata upepo ukimpendelea asiyejua atagusa vizuri. Hupimwa pale anapoona, akiwa na hatua mia, kwamba mwendo umezidi kidogo, na huku watu wameshasimama, kamba imeshakunjuliwa, mtu mmoja ameshanyoosha mkono. Yeye husukuma usukani, tanga hushika upepo upya, chombo hupita kando ya gati na kurudi katikati ya bwawa. Aliyenyoosha mkono huurudisha mfukoni, na wenzake huketi tena kumsubiri.