Pindua Kwanza

Mvuvi hanunui mtumbwi kwa kuutazama juu juu. Anaupindua. Anagonga ubavu. Anatafuta ufa. Basi na shamba lipindue. Umeuza usipa, una akiba, unataka shamba la mihogo hapa ufukweni Liuli au la kahawa milimani Mbinga. Vizuri, ila kahawa haizai mwaka uleule inapopandwa; pesa ya ada ya shule usiiguse. Uliza jirani mpaka uko wapi. Uliza ndugu wa muuzaji kama wameridhia. Kisha nenda kijijini: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji. Karatasi ya kuandikiana kilabuni haitoshi. Kabla hujatoa hata shilingi, leo pita ofisi ya kijiji ukaulize.