Nyumbani ni kwa Nani?



Katika mikutano ya wanandoa huku kwetu Meru na Embu kuna maneno ambayo husikika sana kutoka kwa wale wanaokaribia kustaafu. Mume husema, "Kazi ya mjini imekwisha. Sasa turudi nyumbani." Mke hunyamaza. Akiulizwa mbona hafurahi, hujibu kwa sauti ndogo, "Nyumbani kwa nani?" Watu hucheka. Lakini swali hilo si la kuchekesha. Ni swali la haki na la upendo, na leo tulitazame kwa utulivu.

Tuchukue mfano wa mume na mke. Si watu fulani mnaowajua. Ndani yao nimekusanya mambo ya jamaa wengi. Mume alizaliwa mwaka wa 1965 karibu na Runyenjes, upande wa juu wa Embu, katika shamba la kahawa. Mke alizaliwa miaka mitatu baadaye upande wa chini, huko Mbeere, ambako mvua ni haba na watu hulima mtama, kunde na ndengu na kufuga mbuzi. Walifunga ndoa mwaka wa 1991, wakapanga chumba kimoja huko Makutano, mjini Meru, ambako mume alikuwa ameajiriwa.

KUMBUKUMBU MBILI

Mume akisimulia utoto wake, uso wake hung'aa. Mwaka wa 1975 baridi kali iliharibu kahawa ya Brazil, bei ikapanda duniani kote. Mwaka wa 1976 na 1977 wakulima wa Embu na Meru walipata fedha ambazo hawakuwa wamepata kuziona. Naye alikuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja au kumi na miwili. Anakumbuka viatu vipya, mabati mapya na chai yenye maziwa mengi. Anakumbuka jioni za mavuno, baba, mama na watoto wote wakichambua matunda mekundu ya kahawa kabla hayajapimwa kiwandani. Kwake yeye, shamba ni mahali ambapo kila mtu alikuwa na kazi yake na hakuna aliyekuwa peke yake.

Ndiyo sababu mji ulimhuzunisha. Maziwa yalinunuliwa kwa kikombe, sukuma wiki kwa fungu. Jirani wa mlango wa pili hakulijua jina lake. Kila mwisho wa mwezi alisema, "Kwetu hatukununua hata kitunguu."

Mke naye anakumbuka shamba. Anakumbuka dumu la maji mgongoni, kamba yake ikikaza kwenye kipaji cha uso, na njia ndefu ya kutoka mtoni. Anakumbuka ukame wa mwaka wa 1984, mbuzi wakiuzwa mmoja mmoja. Karo ilipokosa kutosha, kaka yake ndiye aliyebaki shuleni. Alipofika Makutano na kuona mfereji wa maji uani, hakuhuzunika. Alimshukuru Mungu.

Mnaona, basi. Wote wawili ni watoto wa shamba. Wote wawili wanasema kweli. Hata hivyo mmoja alipotoka shambani aliona amepoteza kitu, na mwenzake aliona amewekwa huru.

"ULIPATA KUMWULIZA?"

Kwa miaka mingi mume alikuwa na neno moja alilolitumia kila walipokosana. "Mama yangu aliamka saa kumi za usiku kukamua ng'ombe, wala hakunung'unika." Mke hakuwa na jibu. Nani atashindana na mama mkwe? Lakini siku moja alimwuliza bila hasira, "Baba Watoto, ulipata kumwuliza?"

Swali hilo lilimsumbua mume. Alipokwenda kumwona mama yake, ambaye sasa ni mzee sana, alimwuliza. Mama alimtazama, akacheka kidogo. "Nilinung'unika, mwanangu. Nilinung'unikia jikoni, wewe ukiwa umelala. Kahawa tulichuma sisi sote, lakini chama cha ushirika kilimlipa baba yako, kwa kuwa ndiye aliyeandikwa. Mwaka mwingine niliona sukari. Mwaka mwingine sikuona kitu."

Wapendwa, mama huyu hakumshtaki marehemu mumewe. Alisema tu lililokuwako. Mtoto huona uji mezani; haoni aliyeamka kuupika. Hilo si kosa la mtoto. Linakuwa kosa pale mtoto huyo anapokuwa mume, akaichukua kumbukumbu yake nusu na kuifanya sheria ya kumhukumu mke wake.

SHUKRANI SI SHERIA

Je, nasema kwamba mume huyu anakosea kulipenda shamba la kwao? Hata kidogo. Amri ya nne inatudai tuwaheshimu wazazi, na shamba ni jasho lao. Shukrani ni fadhila. Mtu asiyejua alikotoka huwa mwepesi wa kuyumbishwa. Lakini shukrani ni deni la anayeshukuru. Hawezi kumpa mwenzake alilipe kwa mgongo wake, tena bila kumwuliza. Mume anayesema, "Turudi nyumbani," na maana yake ni kwamba mke akachote maji na kukamua ng'ombe kama mama alivyofanya, hajashukuru. Amemwomba mwingine amshukurie.

Tena tukumbuke lile neno la Kitabu cha Mwanzo, sura ya pili, tunalolisikia katika misa za arusi. Linasema kwamba mwanamume atawaacha baba na mama na kuambatana na mkewe. Kwa desturi zetu za Meru na Embu, anayeacha kwao ni mwanamke. Maandiko yamemtaja mwanamume! Hayamwambii awatupe wazazi wake. Yanamwambia kwamba tangu siku ya arusi nyumba yake ya kwanza ni ile aliyoanza na mkewe, hata kama ni chumba kimoja cha kupanga. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika wosia wake Familiaris Consortio wa mwaka 1981, alisisitiza kwamba mwanamke ana hadhi sawa na mwanamume. Hadhi hiyo haiishii mlangoni pa kanisa. Inafika hadi kwenye ng'ombe na dumu la maji.

Lipo pia jambo la ardhi, nalo lisifichwe. Mashamba yetu yalipounganishwa na kuandikishwa, tangu miaka ya mwisho ya 1950, hati nyingi ziliandikwa kwa jina la baba, na kwa desturi yakawaendea wana. Binti aliambiwa atapata kwa mumewe. Kwa mumewe akaambiwa yeye ni wa kuja. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka wa 1981, haibagui mwana na binti, na Katiba ya mwaka 2010 inawapa mume na mke haki sawa katika ndoa. Lakini mioyo huchelewa kuliko sheria. Kwa hiyo mke akiuliza, "Nyumbani kwa nani?" asidhaniwe kuwa na kiburi. Huenda anauliza kama kuna mahali popote duniani ambapo hatakuwa mgeni.

Na wewe mama, nawe una wajibu. Usiidharau kumbukumbu ya mumeo kwa kuwa yako ni chungu. Zile jioni za kuchambua kahawa zilikuwapo kweli, na huenda upole anaowaonyesha watoto wenu aliupata hapo. Usiwazuie watoto kumtembelea nyanya yao kwa sababu wewe uliteswa na shamba. Nao wana haki ya kujua maziwa hutoka wapi.

WAFANYE NINI?

Kwanza, simulianeni utoto wenu wote, si sehemu tamu peke yake. Ulizaneni: Nani alichota maji? Nani alishika fedha? Nani aliacha shule?

Pili, fedha zinazopelekwa shambani zijulikane na wote wawili. Mbolea iliyonunuliwa kwa siri huzaa ugomvi kabla haijazaa kahawa.

Tatu, lile jema la shamba lileteni hapo mlipo. Jema hilo ni kazi iliyoshirikiwa na kuonekana. Hata katika nyumba ya kupanga, baba anaweza kumenya viazi mbele ya watoto wake, na jamaa yote ikachambua mchele pamoja.

Nne, mkitaka kurudi, amueni pamoja, na mwanzo uwe kile kinachomwogofya mwenzako. Mume wa mfano wetu hakuanza na zizi. Alianza na tangi la maji ya mvua na bomba hadi jikoni. Kisha walikubaliana kukaa huko wiki moja kila mwezi kwa mwaka mzima, ndipo waamue. Mke alisema, "Nitakwenda, lakini niende kama mwenye nyumba." Bado hawajaamua. Lakini mume ameacha kusema "kwetu" anapozungumza naye. Siku hizi husema "kule Runyenjes", naye mke ndiye aliyechagua mahali pa kupanda migomba.

YA KUZUNGUMZIA USIKU HUU, MKE NA MUME

1. Ni kazi gani ya mzazi wako ambayo hukuiona ulipokuwa mtoto?
2. Ukisema "nyumbani", mwenzako anajisikia ndani au nje?
3. Ni deni gani la shukrani ambalo umemwachia mwenzako alilipe?

Familia Takatifu ya Nazareti, ambayo nayo ilijua kuhama na kukaa ugenini, iwaombee. Mungu awabariki.