Je, Kutokuua Kwatosha?

Mwaka 1960 John Steinbeck, mwandishi mashuhuri wa Marekani, aliizunguka nchi yake kwa lori lenye chumba cha kulala, na mwenzi wake njiani alikuwa mbwa, jina lake Charley. Katika jangwa la Mojave alisimama kwa ajili ya joto, akampa mbwa maji. Ndipo akaona coyote wawili, wanyama wafananao na mbweha, wakimtazama kwa mbali. Akainua bunduki, akalenga. Kisha akaishusha, kwani mahali pale hapakuwa na kuku wa kuibiwa. Wala hakutosheka na hayo: alifungua makopo mawili ya chakula cha mbwa, akawaachia. Ndivyo alivyoandika katika kitabu chake cha mwaka 1962.

Je, ilimpasa? Wengine watasema: Charley alikuwa na haki, maana hakuichagua safari, bali alitiwa njiani na bwana wake, mnyama wa porini hatudai neno. Lakini sisi twaona kwamba deni halitoki katika kumiliki tu, latoka katika uwezo pia. Saa ile uhai wa wale wawili ulikuwa mkononi mwake, kama ule wa Charley.

Hata hivyo, siku hizi walinzi wa wanyama wakataza kuwalisha, maana wakizoea watu huishia kuuawa. Basi huruma yataka maarifa. Nasi tusipompiga mbuzi wa jirani aliyeingia shambani mwetu, tumetenda nusu. Nusu ya pili ni kumrudisha kwao.