Paa Linavuja, Nawe Unakemea

Katika Mhubiri 10:18, nyumba inavuja kwa sababu ya uvivu. Shetani hatajwi hapo hata kidogo.

Mimi naamini maombi, na kukemea nitakemea. Lakini mvua ndefu si pepo; Machi hadi Mei huwa inakuja, na sote tunajua. Hebu panda uangalie gata. Majani yakiziba, maji hurudi chini ya mabati na kuteremka ukutani. Msumari ukilegea, au mpira wake ukikauka, hapo pamekuwa tundu. Na nyumba ya udongo ndiyo ya kuhurumiwa: maji yakituama kwenye msingi usiku kucha, ukuta waweza kuangukia watoto wakilala. (Mafuriko kama ya 2024 ni mengine. Mto ukifurika unahama, huombi ukiwa ndani.)

Sasa, kuna mama mjane katika ushirika wetu. Ukuta wake wa upande wa mlimani umeanza kulowa, naye ngazi hawezi kupanda. Vijana, Jumamosi saa mbili asubuhi mje na majembe na nyundo. Maombi tutafanyia huko huko, tukichimba mtaro.