Damu ya Mtu Haipotezwi kwa Dhana

 

Ndugu zetu Waislamu, zamani motokaa ilipopinduka pasipo sababu ya kuonekana, watu walisema ni jini wa njia. Leo limezuka neno jengine la namna ile ile, ila limevaa kanzu ya elimu: "Si dereva, ni kompyuta ya gari." Jini amebadilishwa jina tu.

Neno hili si la kupuuzwa, kwani nyuma yake ipo hukumu. Tazameni Ifo, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1991 karibu na Dadaab, katika Garissa. Wakazi wake wengi ni ndugu zetu Wasomali, na njia zake za mchanga hupitwa na magari yaliyotumika Japani, kama haya tunayoyaona yakiteremshwa bandarini Mombasa. Huko mtu akiuawa na gari, aghlabu wazee wa pande mbili hukaa wakapatana juu ya diya. Basi dereva akisema, "Gari lilijiendea lenyewe," na wazee wakamsadiki bila ya uchunguzi, mayatima hukosa haki yao. Na aliyeua kwa kukosea huiacha kafara iliyotajwa katika Suratun Nisaa, aya ya 92, ambayo kwa asiyepata mtumwa wa kumwacha huru ni kufunga miezi 2 mfululizo. Amejiona hana dhima, na dhima ingali shingoni mwake.

Jambo hili limekwisha kuchunguzwa. Watu wengi wa Marekani walipolalamika kwamba magari ya Toyota huwakimbia wenyewe, mwaka 2010 serikali yao iliwataka wahandisi wa NASA, warushao vyombo vya angani, wayapekue. Walisoma zaidi ya mistari 280,000 ya programu. Khabari ilipotolewa Februari 2011, haikuonekana kasoro ya umeme iwezayo kulifurusha gari namna ile. Kilichoonekana ni mazulia ya chini yaliyonasa kanyagio la mafuta, na makanyagio yaliyokwama. Na katika magari mengi yaliyopata ajali, chombo cha kumbukumbu kilionyesha kwamba breki haikukanyagwa kabisa: mguu ulikuwa juu ya mafuta, na mwenyewe aamini kwamba akanyaga breki. Huyo si mwongo, amekosea asijue.

Atasema mtu: mbona mwaka 2013 baraza la mahakama ya Oklahoma lilihukumu juu ya kampuni hiyo hiyo, baada ya wataalamu kueleza kasoro za programu yake? Ni kweli. Na mwaka 2014 kampuni ilikubali kulipa dola bilioni 1.2 kwa kuwadanganya watu juu ya mazulia na makanyagio. Mashine hukosea, na wafanya biashara huficha. Lakini wataalamu wale waliisoma programu yenyewe. Hawakutoa maneno barazani. Sharia yetu ni moja kwa tajiri na maskini: mwenye kudai ndiye mwenye kuleta ushahidi.

Kumbukeni siku aliyokufa Ibrahim, mwana wa Mtume wetu. Jua likapatwa, watu wakasema limepatwa kwa msiba ule. Mtume akawakanya. Ikiwa yeye aliikataa sababu ya uwongo iliyoitukuza nyumba yake mwenyewe, vipi sisi tuikubali ile inayokula haki ya yatima?

Basi gari lisitengenezwe wala lisiuzwe vyuma kabla fundi mwaminifu hajatazama breki, magurudumu, zulia na uzito wa shehena. Dereva aulizwe juu ya usingizi, mwendo na mirungi. Kumbukumbu ya kompyuta, ikiwapo, isomwe na ajuaye. Ushahidi ukielekea kwa aliyeliunda gari, na adaiwe yeye. Na pasipojulikana kitu, tuseme, "Hatujui." Neno hilo halina aibu, aibu ni kumtungia maiti sababu. Wala kadari isifanywe kificho, kwani kuamini kadari hakumwondolei mtu dhima yake.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuthibitisha kabla ya kunena, awarehemu waliokufa njiani, na awape mayatima wao wenye kuwatetea. Amin.