Mvamizi akiwa ndugu yetu: Somo la Kagera kwa mataifa ya leo

Nchi moja inapovuka mpaka wa nchi nyingine kwa majeshi, ikaua watu na kutwaa ardhi, mataifa mengine yana wajibu gani? Yakae kando kwa hoja kwamba hayahusiki? Yaombe amani bila kumtaja aliyeanza? Au yashike silaha kumsaidia aliyeonewa? Wapo wanaodhani swali hili ni la mabalozi na wakubwa wa New York na Addis Ababa. Mimi naona ni swali la kila Muislamu, kwa sababu ni swali la dhulma, na katika dhulma hakuna mtu asiyehusika.

Sisi Watanzania hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia katika ardhi yetu kaskazini ya mto Kagera. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba eneo lile sasa ni sehemu ya Uganda. Siku mbili baadaye daraja la Kyaka likavunjwa. Inakadiriwa kwamba raia wapatao 1,500 waliuawa. Mifugo iliswagwa, nyumba zikaporwa, wanawake wakadhalilishwa, na maelfu ya watu wakakimbia makwao. Kagera ni mkoa wenye misikiti na Waislamu wengi. Risasi ile haikuuliza nani anaswali na nani haswali.

Je, Afrika ilifanya nini? Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) uliundwa mwaka 1963, na mwaka 1964 viongozi wake walikubaliana mjini Cairo kuiheshimu mipaka walioirithi kwa wakoloni. Kwa hiyo sheria ilikuwepo na aliyeivunja alijulikana. Tanzania iliomba mambo ya kawaida kabisa: Amin alaaniwe, alipe fidia, na aahidi kutodai tena ardhi ya jirani. OAU, ambayo mwenyekiti wake wakati ule alikuwa Rais Nimeiri wa Sudan, ilituma wasuluhishi na kuomba pande zote mbili ziache mapigano. Kulaani, haikulaani. Msumbiji ilileta kikosi cha askari wapatao 800 kusimama na Tanzania. Nchi nyingi zilijikalia kimya. Ajabu ni kwamba Julai 1979, viongozi walipokutana Monrovia baada ya Amin kuanguka, ndipo sauti kali ziliposikika, nazo zilielekezwa kwa Tanzania kwa kumuondoa!

Vijana ninaowasomesha Elimu ya Dini ya Kiislamu hapa Kigwa huniuliza swali ambalo watu wazima wengi hulikwepa. Husema: "Ustaadh, Amin alikuwa Muislamu, na aliiingiza Uganda katika Jumuiya ya Nchi za Kiislamu mwaka 1974. Nyerere hakuwa Muislamu. Je, Gaddafi alikosea kumsaidia ndugu yake?" Swali hili halistahili kemeo, linastahili jibu. Libya ilipeleka askari na silaha, na vijana wengi wa Kilibya walikufa katika nchi wasiyoijua, wakipigania utawala wasiojua umefanya nini.

Jibu lipo katika hadithi mashuhuri aliyoipokea Anas na kuitaja Bukhari. Mtume (s.a.w.) aliwaamuru Waislamu kumsaidia ndugu yao akiwa amedhulumiwa au akiwa ndiye dhalimu. Maswahaba walishangaa. Wa kwanza wamemuelewa. Huyu wa pili asaidiwe vipi? Akawafahamisha kwamba msaada wake ni kumshika mkono ili aache kudhulumu. Huu ndio undugu wa Kiislamu. Gaddafi angeupeleka Kampala msaada wa aina hii mwezi Novemba 1978, akamwambia Amin, "Toka katika ardhi ya watu, nami nitakusimamia upate suluhu," huenda angeokoa roho za Watanzania, Waganda na Walibya wenyewe. Badala yake aliupeleka ule msaada wa kijahilia, wa mtu kumtetea wa kabila lake kwa haki na kwa batili.

Qur'an inatupa utaratibu ulio wazi katika Suratul Hujurat (49:9). Makundi mawili ya waumini yakipigana, tunaamrishwa kwanza kuyasuluhisha. Moja likilidhulumu jingine, tunaamrishwa kulipiga lile lenye kudhulumu mpaka lirejee katika amri ya Mwenyezi Mungu. Likirejea, tunaamrishwa kusuluhisha tena, safari hii kwa uadilifu. Tazama, ndugu msomaji, jinsi aya inavyokataa njia mbili tulizozizoea. Inakataa kukaa kando. Inakataa pia vita visivyo na kikomo, kwani neno "mpaka" linaweka ukingo, na baada ya ukingo kuna haki hata kwa yule aliyekuwa dhalimu.

Atasema mtu: aya hiyo inahusu waumini, haihusu serikali zisizo za dini. Namkumbusha kuhusu Hilful Fudhul. Kabla ya utume, mfanyabiashara mgeni kutoka Zabid, Yemen, alidhulumiwa mali yake na mkubwa mmoja wa Makka. Hakuwa na ukoo pale wa kumtetea. Baadhi ya koo za Makka zilikutana katika nyumba ya Abdallah bin Jud'an na kuapa kusimama na kila mdhulumiwa, mwenyeji au mgeni, mpaka apate haki yake. Mtume (s.a.w.) alihudhuria akiwa kijana, na baadaye, akiwa Mtume, alisema kwamba angeitwa kwenye kiapo kama kile hata katika Uislamu angeitikia. Wale waliokula kiapo walikuwa washirikina. Basi Muislamu hawezi kuisusa haki kwa sababu aliyeitangaza si wa dini yake.

Lakini kipimo hiki hakimpimi Amin peke yake. Majeshi yetu yalipovuka mpaka mwaka 1979, mji wa Mutukula uliteketezwa na Masaka ukabomolewa kwa hasira ya yale ya Kagera. Wapo wanaoona kwamba kwenda mpaka Kampala, ulioangushwa tarehe 11 Aprili 1979, kulipita ukingo. Mimi nasema hivi: aliyevamia akakataa kuacha madai yake, kisha akaita majeshi ya nje yamsaidie, hajarejea bado, na kumfuata ni halali. Ama kubomoa nyumba za mama wa Masaka hakukuwa sehemu ya kumrejesha mtu yeyote. Na baada ya Amin kukimbia, kule Ankole Waislamu waliuawa na majirani zao kwa kuwa tu dini yao ilikuwa ya Amin. Nani aliwasimamia? Ushindi uliishia ikulu, ile suluhu ya uadilifu inayotajwa na aya haikufika vijijini.

Sisi wa Tabora tuna ushahidi mwingine. Agosti 1914 Ujerumani iliivamia Ubelgiji, nchi ndogo iliyoahidiwa ulinzi kwa mkataba wa mwaka 1839. Uingereza ikaingia vitani ikisema inaitetea. Kwa masikio ni habari ya haki tupu. Lakini tarehe 19 Septemba 1916 jeshi la Ubelgiji lililojaa askari wa Kongo liliingia Tabora, na njia hizi za zamani za misafara, zilizopita hapa Kigwa, ziliona tena watu wakibebeshwa mizigo ya vita visivyo vyao. Hakuna aliyeuliza Ubelgiji ilikuwa Kongo kwa ruhusa ya nani. Vita vilipokwisha, aliyeonewa kule Ulaya alikabidhiwa Rwanda na Burundi azitawale. Funzo ni kwamba anayeonewa leo aweza kuwa dhalimu wa mtu mwingine, na kwamba msaidizi naye lazima atazamwe mikono yake.

Ndiyo maana mizani ni jambo la kwanza. Agosti 1990 Iraq iliivamia Kuwait, na katika miezi michache Umoja wa Mataifa uliruhusu nguvu itumike kuitoa. Vikwazo vikawekwa, vikaendelea miaka mingi baada ya Kuwait kuwa huru, na walioumia ni watoto wa Baghdad na Basra, si watoto wa ikulu. Mwaka 2003 Marekani na Uingereza ziliivamia Iraq hiyo hiyo bila idhini ya Baraza la Usalama. Nani aliziwekea vikwazo? Machi 2022 nchi 141 zilitaka Urusi iondoke Ukraine, nyingine 35, Tanzania ikiwemo, hazikuegemea upande. Wengi wetu tulifurahia kwa kusema Wazungu nao waonje. Tusifanye hivyo. Undumilakuwili wa wakubwa ni sababu ya kudai mizani moja. Hauwi sababu ya kuvunja mizani yote. Tukinyamaza kwa Ukraine kwa kuwa wao walinyamaza kwa Palestina na Iraq, tumekuwa wanafunzi wao.

Na mtihani umeshatufikia nyumbani. Januari 2025 waasi wa M23 waliiteka Goma, na mwezi uliofuata Bukavu. Tarehe 21 Februari 2025 Baraza la Usalama, kwa kauli moja, liliitaka Rwanda iache kuwasaidia na kuondoa majeshi yake Kongo. Rwanda, ambayo miaka mitatu nyuma ilipiga kura ya kuitaka Urusi itoke Ukraine, imekana kuwaunga mkono waasi hao na kusema inajilinda na mabaki ya waliofanya mauaji ya kimbari. Hofu hiyo ina asili yake, na msuluhishi mwadilifu ataisikiliza. Lakini hofu haimpi mtu hati ya mji wa jirani. Nchi zote mbili ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki pamoja nasi. Tarehe 8 Februari 2025 wakuu wa Afrika Mashariki na Kusini walikutana Dar es Salaam na kutaka mapigano yasimame. Hatua ya kwanza ya aya hiyo! Swali ni kama tunao ujasiri wa hatua ya pili na ya tatu.

Basi mataifa yafanye nini? Kwanza, yaseme ukweli mapema na kwa jina, kwani kuziomba "pande zote" zitulie wakati mmoja yumo ndani ya nyumba ya mwenzake ni kumpa mwizi muda. Pili, yasiitambue ardhi iliyotwaliwa, wala kununua dhahabu na koltani iliyotoka humo. Mnunuzi wa mali ya wizi ni mshirika. Tatu, adhabu imfuate mtawala na mali zake, isimfuate mtoto anayehitaji dawa. Nne, aliyevamiwa asaidiwe, hata kwa silaha pale maneno yanapokwisha, kwa idhini ya jumuiya na si kwa uchu wa mmoja. Tano, mvamizi akirejea, aachwe, na haki ilipwe. Hili linawezekana: mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliikuta Uganda na hatia ya kuivamia Kongo, na mwaka 2022 ikaiamuru ilipe dola milioni 325. Malipo yakaanza mwaka huo huo.

Na sisi tusio na majeshi wala kura New York? Tunayo minbari, madarasa na meza za kahawa. Suratul Nisaa (4:135) inatutaka tuwe mashahidi wa haki japo dhidi ya nafsi zetu na jamaa zetu. Kijana atakayetoka darasani akijua kumwambia Muislamu mwenzake "hapa umedhulumu" ameshajifunza siasa ya kimataifa kuliko wengi waliokaa Monrovia mwaka 1979. Wallahu a'lam.